Ufa wa ukuta na kodi ya miezi sita

Siku niliyohamia Mburahati, Dar es Salaam, nilipewa funguo mbili, kufuli moja na risiti ya kodi ya miezi sita. Chumba kilikuwa kimepakwa rangi ya krimu, bado inanukia. Dalali alizungusha mkono hewani akasema, "Dada, chumba kama hiki kwa bei hii hukipati tena." Wiki ya tatu mvua za vuli zikaanza, na juu ya dirisha rangi ikapasuka mstari mwembamba kama unywele. Mwisho wa mwezi ufa ule ulikuwa unapitisha kucha.

Mlango wa pili kutoka kwangu aliishi fundi uashi mstaafu, nyumba nzima tukimwita Babu. Alikuja akasimama mbele ya ukuta kwa muda mrefu bila kusema kitu. Kisha akachomoa penseli sikioni, akachora kistari kifupi pale ncha ya ufa ilipoishia, akaandika tarehe pembeni.

"Ukivuka hapa, mjukuu wangu," alisema, "usilale tena upande huu."

Ulivuka siku ya kumi na moja.

Nilikwenda kwa baba mwenye nyumba jioni, nikamwamkia, akanikaribisha chai. Hakuwa mtu mbaya. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa huruma, kisha akaniambia: "Mwanangu, wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nunua saruji kilo chache, mtafute kijana akuzibie." Nilinunua. Kijana akaziba. Mvua za masika zilipofika, kiraka kile kilidondoka usiku na kipande cha plasta chenye ukubwa wa sahani kikaangukia mto nilioulalia jana yake. Usiku huo nilikuwa nimelala sakafuni, upande wa pili, kwa sababu ya maneno ya Babu.

Miaka kadhaa baadaye ndipo nilipokuja kuelewa kwamba methali ile siku ile ilielekezwa kwa mtu asiyehusika. Ukuta ulikuwa wake, na jukumu la kuuziba lilikuwa lake. Hilo halikuwa suala la wema wala ubaya wake. Sheria ya nchi ilikuwa imekwisha kulisema.

Sheria yenyewe ni Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika Tanzania Bara tarehe 1 Mei 2001. Wengi wanaijua kwa habari za hati, mipaka na viwanja. Ni wachache wanaojua kwamba ndani yake imo sehemu nzima ya upangaji, na kwamba kifungu cha 88 kinataja ahadi ambazo mpangishaji anahesabiwa kuwa amezitoa katika kila mkataba wa pango, hata kama karatasi mliyosainiana haina neno lolote kuzihusu. Mojawapo ya ahadi hizo, ambayo laiti ingebandikwa kwenye kila mlango wa chumba cha kupanga, ni kwamba nyumba au chumba kinachopangishwa kwa makazi kinafaa kukaliwa na binadamu siku upangaji unapoanza, na kwamba kitaendelea kuwekwa katika hali hiyo muda wote wa upangaji.

Sehemu ya pili ya ahadi hiyo ndiyo inayosahaulika. Siku ya kukabidhiwa funguo karibu kila chumba kinafaa. Rangi imepakwa, bomba linatoa maji, taa inawaka. Hatari huja baadaye, mvua inaponyesha, ardhi inapotitia, waya unapochoka. Sheria haikuishia siku ya funguo. Imemfunga mwenye nyumba mwezi wa kwanza, wa nne na wa ishirini.

Ahadi nyingine katika kifungu hichohicho inatuhusu sana sisi wa Dar es Salaam, kwa sababu ya namna tunavyoishi. Sensa ya 2022 ilihesabu mkoani humu watu 5,383,728, na wapangaji wengi miongoni mwao hawapangi nyumba nzima. Wanapanga chumba, au chumba na sebule, katika ile nyumba ya Kiswahili tunayoijua wote: korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, uani choo, bafu na jiko. Sheria inasema kwamba mpangaji akichukua sehemu tu ya jengo, basi paa, kuta za nje na kuta kuu, mifereji mikuu ya maji machafu, njia na vitu vinavyotumiwa na wote vinabaki mikononi mwa mpangishaji, naye ndiye wa kuvitengeneza. Kwa hiyo kenchi iliyooza, bati linalopeperuka, linta iliyopasuka, ukuta wa nje unaoinama kuelekea kwa jirani, karo iliyojaa, vyote hivyo si mchango wa wapangaji. Nimekaa kwenye vikao vingi vya uani ambako tulichangishana fedha za kutengeneza vitu hivi, na aliyekosa mchango akaitwa mkorofi. Tulikuwa tunalipa deni la mtu mwingine.

Mpangaji naye ana wajibu wake. Analipa kodi, anatunza alichokabidhiwa, hatoboi ukuta wala kubadilisha jengo bila ruhusa. Akivunja kioo atakirudisha. Akiunganisha friji, pasi na jiko la umeme kwenye soketi moja mpaka ikaungua, hawezi kumgeukia mwenye nyumba. Ninalisema hili waziwazi kwa sababu mpangaji anayedai haki huku mlango wake ameuvunja mwenyewe hudhoofisha madai ya wenzake wote.

Nyumba hudhuru watu kwa njia nyingi, na ufa ndio unaoonekana kirahisi kuliko zote. Umeme haupigi hodi. Katika mitaa yetu kila mtu anamjua fundi kishoka, yule anayefika na koleo na bisibisi, anavuta waya kutoka chumba kimoja hadi cha pili, anaunga kwa utepe, analipwa na kuondoka. Kazi ya kufunga umeme majengoni inataka fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na waya zilizo ndani ya nyumba, baada ya mita, ni mali ya mwenye jengo na si za TANESCO. Ukigusa bati la bafu la uani ukahisi linatetemesha kidole, hilo si jambo la kucheka na kuambizana "leo limeamka vibaya". Ni waya uliopoteza kihami mahali fulani, na maji ya bafuni yanausubiri. Kama nyumba haina waya wa ethi uliozikwa ardhini vizuri, wala swichi kuu inayojizima yenyewe hitilafu inapotokea, basi haifai kukaliwa hata ingekuwa na vigae na dari ya jasi.

Choo nacho. Kwenye viwanja vidogo shimo la zamani likijaa hufukiwa juujuu, linachimbwa jipya pembeni, na miaka kumi baadaye mtu anamwaga zege jembamba juu ya lile la kwanza na kujenga chumba cha ziada cha kupangisha. Anayehamia hajui anatembea juu ya nini. Hapa kuna ofisa ambaye wapangaji wengi wanamsahau: bwana afya au bibi afya wa kata. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 imewapa maofisa wa afya ya mazingira uwezo wa kukagua makazi na kumtaka mwenye eneo aondoe kero inayohatarisha afya. Tumezoea kumwona akipita na daftari kukagua mama lishe na mabucha. Anaweza kuitwa uani pia, na barua yake kwa mwenye nyumba ina uzito ambao malalamiko ya wapangaji sita kwenye korido hayana.

Kisha yapo maafa. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliikumba Dar es Salaam na kuua watu kadhaa, na bonde la Msimbazi, pamoja na Jangwani, ni miongoni mwa maeneo yaliyopata pigo kubwa. Kagera nayo iliyaona yake mwezi Septemba 2016, pale tetemeko la ardhi lilipobomoa na kupasua nyumba Bukoba na vijiji vya jirani na kuua zaidi ya watu kumi. Baada ya maafa kama haya tunasikia habari za waathirika wenye nyumba: nani kapata bati, nani kapata saruji. Mpangaji hatajwi, kana kwamba maji yalipita pembeni yake. Lakini Sheria ya Ardhi ilimkumbuka. Moto, mafuriko, mlipuko, dhoruba au tetemeko lisilosababishwa na mpangaji likiharibu nyumba hata isifae kukaliwa, kodi inasimama. Ikiwa imeharibika sehemu, sehemu ya kodi inayolingana na uharibifu ndiyo inayosimama. Haianzi kudaiwa tena mpaka nyumba itengenezwe. Na ikipita miezi sita bila kutengenezwa, mpangaji anaweza kuuvunja mkataba kwa notisi ya mwezi mmoja.

Lisome tena jambo hilo ukiwa umekaa kwenye chumba ulichokilipia miezi sita mbele. Kodi inasimama. Sasa kwako isimame nini, na umeshailipa yote?

Hapo ndipo haki yetu inapovuja. Tumezoea kuijadili kodi ya miezi sita au mwaka kama suala la ugumu wa maisha: kijana aliyeanza kazi atazitoa wapi fedha zote hizo kwa mkupuo? Ni kweli, ni mzigo. Mimi nadai kwamba ni zaidi ya mzigo. Ni suala la usalama wa maisha. Mpangaji anayelipa mwezi kwa mwezi ana kauli kila mwisho wa mwezi. Mwenye nyumba anajua kwamba akipuuza paa, mtu huyu anaweza kuhama tarehe mosi. Aliyelipa miezi sita ameshakabidhi kauli yake yote siku ya kwanza, kabla hajaona jinsi nyumba inavyopokea mvua.

Chukua mfano wa chumba cha Sh100,000 kwa mwezi. Unatoa Sh600,000 ya kodi, na dalali anachukua yake ya mwezi mmoja, jumla Sh700,000. Mwezi wa pili ukuta unapasuka. Ili kuhama unahitaji Sh700,000 nyingine, kirikuu cha kubebea vitanda, na moyo wa kusamehe Sh400,000 zilizobaki kwa mwenye nyumba, ambaye atakuambia ameshazipeleka kwenye ada za watoto. Ni mwuza genge gani anayeweza hivyo? Ni mwalimu gani wa shule ya msingi? Basi mtu anasogeza kitanda. Anahamishia watoto upande wa pili. Anaomba Mungu mvua ipite. Tukiona nyumba imeanguka tunauliza, "Kwa nini hawakuhama?" Jibu limo kwenye risiti.

Kwa haki, lazima niseme na upande wa pili. Wenye nyumba wengi wa mitaa yetu si matajiri. Ni wastaafu, ni wajane, ni watu waliojenga chumba kimoja kimoja kwa fedha ya kiinua mgongo, na wanategemea kodi ya mkupuo ili wafanye matengenezo makubwa, maana Sh100,000 ya mwezi haibadilishi kenchi. Hoja hiyo ina ukweli, na ndiyo inayotupa njia: kama fedha ya mbele inaombwa kwa ajili ya matengenezo, iandikwe hivyo kwenye mkataba, na iandikwe kwamba nyumba ikithibitika kuwa hatari, kodi ya miezi isiyokaliwa inarudi. Sijawahi kuona mkataba wa kuuzwa stesheneri wenye sentensi hiyo. Yote niliyowahi kusaini ina kurasa mbili za makatazo ya mpangaji na mstari mmoja wa mwenye nyumba, nao unasema atapokea kodi.

Zamani ilikuwepo sheria iliyomtazama mpangaji peke yake, Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba ya mwaka 1984. Ilifutwa mwaka 2005 kwa hoja kwamba udhibiti ulikuwa unazuia watu kujenga. Sitetei kila kilichokuwa ndani yake. Ila tulipoifuta, tulibaki na ahadi nzuri za Sheria ya Ardhi bila mtu wa kuzisimamia mlango kwa mlango. (Zanzibar wana sheria zao za ardhi na pango, kwa hiyo haya ya kifungu cha 88 ni ya Bara.)

Majirani zetu wa kaskazini walijifunza kwa uchungu ahadi isiyosimamiwa inavyokuwa. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, baada ya mvua kubwa, jengo la ghorofa lililojaa vyumba vya kupanga lilianguka Huruma, Nairobi, jirani na mto. Waliokufa walikuwa takriban 50. Mtoto mchanga alitolewa hai kwenye kifusi baada ya siku zaidi ya tatu, na mama mmoja baada ya siku sita. Jengo lile lilikuwa limeshatajwa na mamlaka kuwa si salama na lilipaswa kubomolewa. Halikubomolewa, vyumba viliendelea kupangishwa, na kila mwezi wapangaji waliendelea kulipa. Kenya nayo ina Sheria ya Ardhi ya 2012, na kifungu chake cha 65 kina ahadi zinazofanana mno na zetu: nyumba ifae siku ya kwanza na iendelee kufaa. Juu ya hiyo wana Katiba ya 2010, ambayo ibara yake ya 43 inampa kila mtu haki ya makazi ya kutosha. Maneno hayakupungua. Kilichopungua ni mtu wa kugonga milango ya vyumba vile na kuwaambia waliolala ndani kile ambacho mamlaka ilikuwa imeshakijua.

Kwetu, jeraha la karibuni ni la Kariakoo. Jumamosi asubuhi tarehe 16 Novemba 2024 jengo la biashara liliporomoka watu wakiwa wanafungua maduka, na zaidi ya watu 20 wakafa. Taarifa za siku zile zilieleza habari za uchimbaji uliokuwa ukiendelea chini ya jengo hilohilo. Waliokuwa ndani wengi walikuwa wapangaji wa fremu na wasaidizi wao. Ninalitaja hapa ingawa halikuwa jengo la makazi, kwa sababu swali ni lilelile: mpangaji akisikia nyundo na mashine chini ya sakafu yake, amwulize nani? Ujenzi halali unakuwa na kibali cha halmashauri, na eneo la kazi linapaswa kuwa na ubao unaotaja mkandarasi na mhandisi. Mpangaji anaweza kudai kuviona. Akikosa jibu, ofisi ya mhandisi wa manispaa ipo, na kuuliza hakumfanyi kuwa adui wa mwenye jengo.

Nimeulizwa mara nyingi na majirani: basi tuigomee kodi? Jibu langu huwa ni hapana, si kwa pupa. Kusimama kwa kodi nilikokueleza ni kwa nyumba iliyoharibiwa na maafa. Kwa ufa unaokua polepole, au karo inayofurika, ukiacha kulipa unajigeuza mkosaji wewe, na kesho kutwa kesi inakuwa ya deni badala ya ukuta. Lipa, chukua risiti, kisha dai kwa maandishi.

Maandishi ndiyo tunayoyaogopa. Tunaona kumwandikia mwenye nyumba barua ni utovu wa adabu, hasa kama anakuita mwanangu na mnakunywa chai moja. Mimi nilikwenda kwa baba mwenye nyumba mara nne, mara zote kwa mdomo, na nilipotaka kuthibitisha kwamba alijua, sikuwa na kitu. Barua ya heshima haivunji undugu: "Shikamoo baba. Nakujulisha kwamba ukuta wa chumba changu upande wa dirisha umepasuka tangu tarehe fulani na ufa unaendelea. Naomba utume fundi ndani ya siku saba." Nakala moja ibaki kwako, ikiwa na saini yake ya kupokea. Akikataa kusaini, mpelekee mbele ya mjumbe au uiache ofisi ya serikali ya mtaa igongwe mhuri. Siku hizi hata ujumbe wa simu na picha zenye tarehe vinasaidia. Na mkataba kama upo, uone umelipiwa ushuru wa stempu, kwa sababu usiolipiwa unaweza kukataliwa kama ushahidi mpaka ulipiwe. Kama hamkuandikiana, usikate tamaa: sheria inautambua upangaji wa mwaka mmoja au pungufu hata ukiwa wa mdomo, na hapo risiti, miamala ya simu na majirani ndio watakaokusemea.

Mwenye nyumba akikaa kimya, safari inaanzia kata. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, baraza la kata halihukumu tena migogoro ya ardhi. Kazi yake ni kuwapatanisha, na likishindwa linatoa hati ya kusema hivyo. Zikipita siku 30 bila suluhu, unaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Hapo unaweza kuomba mpangishaji aamriwe kutengeneza, urejeshewe kodi ya nyumba isiyokalika, au ulipwe fidia ya mali iliyoharibika. Lugha si kikwazo tena kama zamani, maana mwaka huohuo wa 2021 Kiswahili kilifanywa kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki nchini. Asiyeweza kumlipa wakili anao wasaidizi wa kisheria, waliotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, na taasisi kama Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na chama cha wanasheria wanawake, TAWLA, zinazotoa ushauri bure. Ni njia ndefu, sitaki kukudanganya. Lakini wenye nyumba wengi hawafiki huko. Wakiona barua yenye mhuri, fundi hupatikana wiki hiyohiyo.

Hofu kubwa zaidi ni ya kufukuzwa. Utasikia mtu kalalamikia choo, kesho yake kakuta mlango umeng'olewa au bati limeondolewa juu ya kitanda chake, eti "natengeneza nyumba yangu". Kinga dhidi ya hilo nayo imo katika kifungu cha 88, tena ndiyo ahadi ya kwanza kabisa: mpangaji anayelipa kodi na kutimiza masharti yake aachwe akae kwa amani. Anayeng'oa mlango ili mpangaji aondoke amevunja mkataba, na hilo linapelekwa mbele ya serikali ya mtaa siku hiyohiyo, pamoja na picha, kabla mlango haujarudishwa.

Na kuna wakati karatasi zote hizi ziwekwe pembeni. Mlango uliokuwa ukifunga vizuri ukianza kukwama ghafla, ukisikia ukuta unalia usiku, sakafu ikitoa mwangwi mpya, vumbi la zege likimwagika kutoka kwenye boriti bila mtu kugonga, toka. Toka na watoto na majirani, namba ya Zimamoto ni 114, na vyombo vitafuatwa kesho. Babu alikuwa na msemo wake kuhusu hili, kwamba nyumba huaga kabla ya kuondoka. Alikuwa ameanzisha misingi mingi mjini hapa na sikuwahi kumsikia akitania kuhusu ukuta.

Mimi nilihama Mburahati miezi miwili kabla kodi yangu haijaisha. Fedha zile sikurudishiwa. Mwaka jana nilipita mtaa ule nikienda msibani, nikaona dirisha langu la zamani lina pazia la kijani na kuta zimepakwa rangi mpya, nyeupe safari hii. Babu alishafariki. Nilisimama kidogo, nikabisha hodi. Alitoka mama kijana mwenye mtoto mgongoni. Nikamwambia niliwahi kuishi humo, nikamwuliza kama ukuta wa dirishani unamsumbua. Akanitazama kwa shaka, kisha akasema rangi imeanza kupasuka juu kidogo, lakini amelipa mwaka mzima.

Nilikuwa na kalamu ya risasi kwenye mkoba. Tuliingia ndani, nikapanda kwenye stuli yake, nikachora kistari pale ncha ya ufa ilipoishia na kuandika tarehe. Kisha tukakaa kitandani, upande wa mbali na dirisha, nikamsaidia kuandika barua.